Aliyemwona Sisso Asogee Karibu

Mfyuu! Swali hili limezeeka kuliko wengi wetu, na bado kila likiulizwa linazua ubishi mpya: ukienda kumtazama mwanamuziki ambaye chombo chake ni kompyuta, umekwenda kuona nini? Safari hii limetoka kwa mzee wetu seremala, kwenye kona ya kinyozi hapa Rebero, pikipiki zinapokata kona kupanda CanalOlympia. Alimwacha dereva wa pikipiki amalize hadithi yake yote ya kumwona Sisso na vijana wa singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam, kule Jinja, Uganda, akajikuna kidevu, akasema, "Kwa hiyo ulilala kwenye basi, ukavuka mpaka, ukaenda kumwona mtu anabonyeza?"

Tukasonya. Wote. Hata kinyozi, aliyekuwa na wembe mkononi na kichwa cha mteja mbele yake.

Majibu yaliyofuata yalikuwa yale yale ya kila siku: ilikuwa moto, ilikuwa hatari, huwezi kuelewa mpaka uwepo. Mzee akatikisa kichwa, na haki alikuwa nayo. Mtu akikuuliza umekula nini huko ulikokwenda, humwambii "nilishiba". Basi nimelibeba swali lake mpaka leo, na sasa nataka lijibiwe inavyostahili, kwa sababu mzee mwenyewe si mtu wa kubeza muziki, na kwa sababu wanaompenda Sisso hapa kilimani ni wengi kuliko waandaaji wa matamasha wanavyodhani.

Kwa asiyeijua Rebero: ni kilima cha kusini mwa Kigali, wilaya ya Kicukiro. Ukisimama juu, jiji lote liko chini yako, vilima kwa vilima, na usiku kuba la Kigali Convention Centre linawaka rangi rangi huko ng'ambo. CanalOlympia ni ukumbi wa sinema wenye uwanja wa nje wa maonyesho, na kukiwa na tamasha sisi wa kijiweni tunalisikia bure. Lakini tunalisikia nusu. Besi inafika, inatikisa mabati ya kinyozi. Maneno na vinanda vinabaki huko huko juu na waliolipa kiingilio. Fundi simu wetu ana maelezo ya jambo hilo, nitayafikia.

Kwanza dereva wa pikipiki.

Yeye aliipenda singeli kwenye simu, wakati ambao hakuwa na njia ya kuifuata. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda na Uganda zilipokosana, haukufunguliwa tena hadi 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Katikati yake ikaja korona. Vijana wa hapa waliokuwa wakisikia habari za Nyege Nyege, lile tamasha la Jinja lililoanza mwaka 2015, waliziona kama habari za nchi ya mbali sana, ilhali ni safari ya basi. Mpaka ulipofunguliwa, kijana akaweka akiba, akaenda stendi ya mabasi ya Nyabugogo na kitambulisho chake cha taifa mfukoni, maana sisi, Waganda na Wakenya tunavukiana kwa kitambulisho tangu 2014, pasipoti si lazima. Kigali hadi Kampala ni kama kilomita 500 za kona na milima. Kampala hadi Jinja, 80 nyingine. Na ukivuka tu, saa yako inaruka lisaa limoja mbele, kwa hiyo hata usingizi unaibiwa.

"Sha," akamwambia mzee, "nikwambie ukweli. Sisso mwenyewe nilimwona dakika chache za mwanzo. Baada ya hapo niliona migongo ya watu na vumbi."

Mzee akacheka kwa ushindi. Kijana hakucheka. Akaendelea.

Alisema zile nyimbo alikuwa anazijua. Amezipiga kwenye simu mpaka spika ikachoka. Anajua wapi mdundo unaingia, wapi unatoka. Kufika pale, hakuna wimbo hata mmoja uliokwenda alivyoujua. Kipande alichokizoea mwanzoni kilitokea katikati ya kingine. Sauti aliyodhani ni ya mwisho ikarudi tena na tena, fupi, fupi zaidi, mpaka ikawa kama mvua ya mawe kwenye bati. Kisha mdundo ukaondolewa. Kimya cha kufumba na kufumbua. Umati ukapiga kelele, na ule mdundo haukurudi mpaka kelele zilipofika kiwango fulani. "Alikuwa anatusubiri," akasema. "Sisi! Mimi ambaye hanijui, na wale Waganda na Wakenya na yule Mkongo aliyenikanyaga mguu. Alikuwa anasikiliza tumefika wapi ndipo aachie."

Hapo ndipo nilipowaambia wenzangu wanyamaze. Kwa sababu hilo ndilo jibu, na dereva wa pikipiki alilipata bila kulitafuta. Mzee anauliza "uliona nini" kana kwamba kilichokuwa cha kuonwa kiko jukwaani peke yake.

Lakini kabla hatujamzidi mzee maneno, sikieni na yeye anazungumza kutoka wapi.

Mzee ni mtu wa Orchestre Impala. Miaka ya sabini na themanini, bendi hiyo ilikuwa ndiyo Kigali inayocheza. Ana gitaa zao kichwani mpaka leo. Anakata mbao akizipiga kwa mdomo. Alimwona André Sebanani akiimba, kwa macho yake, si kwenye kaseti. Anasema aliona kamba ya gitaa ikikatika katikati ya wimbo na mpigaji akaendelea na zilizobaki, akaona jasho likidondoka kwenye maikrofoni, akaona mwimbaji akikosea na kucheka. Sebanani aliuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hapa Rebero tuna eneo la kumbukumbu ya wanasiasa waliouawa mwaka huo huo, na kila mwaka tarehe 13 Aprili wiki ya maombolezo inafungwa hapa kilimani. Wiki hiyo hakuna muziki wa starehe, si CanalOlympia, si kwa kinyozi. Kwa hiyo mzee akisema "kumwona mwanamuziki", anasema jambo zito. Kuna aliowaona, na hakuna atakayewaona tena. Anataka kijana wa leo naye awe na kitu cha kushika mkononi, si vumbi.

Ndiyo maana nilitaka kijiwe kimjibu kwa heshima.

Akaingia fundi simu. Huyu ni mtoto wa Dar es Salaam, kakulia karibu na Mburahati, na kwake singeli haikuanza kama muziki wa tamasha wala wa Jinja. Ilianza kama usiku wa kukosa usingizi. Vigodoro! Sherehe za mtaani, harusi au ngoma ya mwali, mtaa unafungwa, spika zinapangwa moja juu ya nyingine mpaka usawa wa dari, na watu wanacheza hadi alfajiri. Serikali na polisi walivipiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi vikaibuka mtaa wa pili. Kabla ya hapo kulikuwa na mchiriku, vijana wa uswahilini na vinanda vya Casio vya bei ndogo na vipaza sauti vilivyochoka. Kundi la Jagwa Music ndilo lililoufikisha mchiriku mbali, albamu yao ikatoka Ubelgiji mwaka 2012. Singeli ikachukua ile haraka ya mchiriku, ikachukua vipande vya taarabu, ikaviingiza kwenye kompyuta na kuvikimbiza. Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila wakashika maikrofoni. Sisso akafungua studio yake Mburahati, na kwake wakapita Bamba Pana, Jay Mitta na wengine. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa kazi za studio ile, Sounds of Sisso, na hapo ndipo watu wa mbali walipogeuza shingo.

"Mimi sikulipa kiingilio," fundi akasema. "Nilikuwa natumwa sukari usiku, nakuta njia imefungwa na singeli. Unapita katikati ya wachezaji au unarudi bila sukari."

Mzee akamuuliza na yeye: uliona nini? Fundi akasema aliona kina mama. Hilo lilitushtua kidogo, maana kwenye video tunazotumiana ni vijana watupu. Akasema kigodoro ni cha kina mama kwanza, wao ndio wenye shughuli, wao ndio wanaochangishana, wao ndio wanaomwambia DJ "hapo hapo, usitoe!" na DJ hatoi. Anayesimama kwenye laptopu ana mabosi mia mbili mbele yake, na kila mmoja ana khanga kiunoni. Akikosea kusoma uwanja, kesho haitwi kwenye shughuli nyingine. Huko ndiko walikosomea akina Sisso kazi yao. Jinja ilikuja baadaye, na Ulaya baadaye zaidi.

Basi kumbe ule mchezo dereva aliouona Jinja, wa kusubiri kelele zifike ndipo mdundo urudi, si ujanja wa jukwaani. Ni adabu ya mtaani. Aliyeilea ni mama mwenye harusi.

Nikafurahi mno kusikia hivyo, sifichi.

Sasa hesabu za fundi, maana aliahidi na mimi niliahidi. Mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika. Amapiano inayotikisa baa zote za Kigali inatembea kwenye 112 hivi. Muziki wa hausi, 120 na kitu. Singeli inaanzia 200 na kwenda juu, nyingine zinagonga 300. Kinyozi akasema hakuna binadamu anayeweza kucheza hivyo. Fundi akasema ndiyo, hakuna. Ndiyo maana hauchezi yote. Miguu inachukua pigo moja kati ya mawili, kiuno kinachukua moja kati ya manne, mabega yanachagua yanachotaka. Kwa hiyo ukitazama umati wa singeli utaona watu wanacheza kasi tatu tofauti kwa wakati mmoja na hakuna aliyekosea. Simu haikuonyeshi hilo. Simu inakuonyesha fujo.

Na simu haikusikilizishi pia. Besi nzito ya hezi 50, wimbi lake moja tu lina urefu wa karibu mita 7. Refu kuliko kibanda cha kinyozi! Spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Inaitoa wapi sauti hiyo? Haitoi. Inakupa kelele za juu, ubongo wako unakisia zilizobaki. Hayo mawimbi marefu ndiyo yanayozunguka vilima na kupenya kuta, ndiyo maana sisi wa kijiweni tunapata besi ya CanalOlympia bila maneno. Na mwenye simu anapata maneno bila besi. Mimi kwa miaka yote niliyoipenda singeli nikiwa Rebero nimekuwa na nusu mbili zisizokutana. Aliyekwenda Jinja alizikuta pamoja, kifuani.

Hapo dereva wa pikipiki akatoa simu atuonyeshe video yake. Msonyo ukarudi, safari hii kwa pamoja na kwa nguvu. Giza, taa moja nyekundu, sauti iliyokwaruza, vidole vya mtu mwingine mbele ya kamera. Dada wa MoMo, wakala wetu wa pesa za simu, akamwambia, "Kaka, ungeiacha mfukoni." Akasema aliiacha baada ya dakika ya kwanza. Na mimi nasema hivi bila kumung'unya: mnaosimama mbele ya jukwaa mkiwa mmeinua simu tangu mwanzo hadi mwisho, mnamnyima mpigaji kile anachokisoma. Mikono yenu yote miwili iko juu lakini haimpigii makofi, miguu yenu imesimama ili picha isitikisike. Anatazama uwanja anaona vioo. Atajuaje mmefika wapi?

Dada wa MoMo naye alikuwa na la kusema, si lake, la binamu yake aliyesoma Ujerumani. Huyo aliiona singeli huko huko, klabuni, usiku wa baridi. Alimwandikia kwamba watu mwanzoni walisimama kama wanaosubiri treni, wengine wakacheka kwa kutoamini ile kasi, halafu kidogo kidogo ukumbi ukaachia. Lakini kuna jambo lilimuuma. Mshika maikrofoni alipiga kelele kwa Kiswahili, akauliza swali ambalo Dar mtaa mzima ungelijibu, na aliyejibu ni yeye na mtu mwingine mmoja huko nyuma. Wawili. Alisema alitaka kulia. Si kwa huzuni ya kuwa mbali na nyumbani, bali kwa sababu aliona mpigaji amegeuza shingo kuwatafuta wale wawili.

Hapo mzee akaacha kucheka. Akaomba dada arudie.

Jamani, hili ndilo linalonifanya nisonye mchana na usiku. Msichana wa Kigali anaiona singeli Ujerumani. Dereva wa Kigali anakwenda hadi Jinja, kando ya Nile. Na sisi tulio hapa, wasemaji wa Kiswahili, wenye uwanja wa maonyesho mlangoni, tunaletewa nini? Nyota wakubwa wanakuja Kigali, nashukuru: Kendrick Lamar alipanda jukwaa la BK Arena Desemba 2023, John Legend Februari 2025. Nawapongeza walioandaa. Lakini Dar es Salaam iko karibu kuliko California. Kampala iko karibu zaidi, na ina akina Kampire, ina Nihiloxica wanaopiga ngoma za Kiganda pamoja na sinthesaiza, ina Mkongo Rey Sapienz aliyehamishia kazi zake huko na kuunda kundi la tekno ya Kongo. Hawa wote wanaeleweka hapa bila mkalimani.

Kuna anayesema watu wetu hawako tayari, huo ni muziki wa Wazungu. Mfyuu tena! Huyu akae chini nimweleze. Mwaka 1944, mjini Cairo, kijana wa Kimisri Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodia kwenye waya, akairekodi ngoma ya kina mama ya kupunga pepo, zaar, kisha akaingia studio akaichezea ile sauti, akaondoa hiki, akavuta kile, mpaka ikawa muziki ambao hakuna chombo kingeweza kuupiga. Mfaransa Pierre Schaeffer, anayetajwa vitabuni kuwa baba wa mambo hayo, alianza kutoa kazi zake 1948. Miaka minne baadaye! Na tekno yenyewe wanayojidai nayo huko Berlin iliundwa na vijana Weusi wa Detroit katikati ya miaka ya themanini, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, katika mji ambao viwanda vya magari vilikuwa vinaufia mikononi. Hausi ni ya Weusi wa Chicago. Angalieni tu: Cairo ni ngoma ya kina mama, Dar es Salaam ni shughuli ya kina mama. Mzee akanyoosha kidole akasema, "Hiyo ya pepo naijua, hata kwetu kuna kubandwa." Sikumjibu, nilimwachia ajibebe mwenyewe kwa hatua zake.

Na hata hapa kwetu msiseme hakuna. Mnyarwanda Anisia Uzeyman na Mmarekani Saul Williams walipiga filamu yao Neptune Frost humu humu Rwanda, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2021, na waigizaji na waimbaji wake ni watu tunaokutana nao mjini. Hadithi ni ya wachimba koltani na wadukuzi wa kompyuta, imewekwa Burundi, na muziki wake ni mashine na ngoma zimeshikana mikono. Niliitazama nikafikiria kitu ambacho hakijanitoka. Ndani ya laptopu kuna tantalumu, na tantalumu inatoka kwenye koltani, na koltani inachimbwa kwenye vilima hivi vya Maziwa Makuu, kwetu na kwa majirani zetu Wakongo ambao wamelipia madini hayo kwa damu. Jiwe linaondoka, linarudi kama mashine dukani mjini kwa bei isiyoshikika. Sasa kijana wa Mburahati kaipata hiyo mashine, ya mtumba, kaifanya ngoma. Halafu na ngoma nayo iondoke, tuje tuione kwenye simu kama wageni? Hapana. Hapo nagoma.

Kinyozi, mtu wa vitendo, akauliza kuhusu saa. Ana hoja. Tangu 1 Septemba 2023 shughuli za usiku Kigali zinafungwa saa saba usiku siku za kazi, na saa nane usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Kelele nazo zina sheria yake, na polisi wanaifuata. Singeli ya alfajiri, ile ya Jinja ambayo jua linakukuta bado unatoa vumbi, hapa haipo. Dereva wa pikipiki akalalamika. Mimi silalamiki sana. Watu wa kilima hiki wanaamka mapema, kuna wagonjwa, kuna watoto wa shule, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi wote tuko kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya jamii, na majembe. Usingizi wa jirani ni haki yake.

Lakini nani alisema mashine haziwaki mchana? Fundi anasema shughuli nyingi za Dar zinaanza jua likiwa bado kali. Alfajiri ni mwisho wake, si lazima iwe mwanzo. Anzeni saa tisa alasiri. Wekeni spika ziangalie bondeni ambako hakuna nyumba nyingi. Leteni Sisso na Maiko, ambao mwaka 2024 walitoa albamu nzima pamoja, Singeli Ya Maajabu. Leteni na DJ Travella, kijana aliyetoa Mr Mixondo mwaka 2022 akiwa bado mdogo kabisa. Waimbaji wao wakiuliza swali kwa Kiswahili, mtasikia jibu kutoka mtaa wa Nyamirambo hadi huku. Ifikapo saa nne usiku tumemaliza, tumelala, na jirani hana kesi na mtu. Mpigaji aliyezoea kuwasoma kina mama wa Mburahati atatusoma na sisi vilevile, na tutamwonyesha kitu ambacho hajawahi kuona: Wanyarwanda wanaocheza kwa mikono iliyonyooka juu mithili ya pembe za ng'ombe wa inyambo, kwa kasi ya 250.

Mzee akasema, "Mikono ikinyooka kwa kasi hiyo itachomoka."

"Moja kati ya manne, mzee," fundi akamkumbusha. "Unachagua moja kati ya manne."

Mzee akajaribu. Haki ya Mungu, alijaribu pale pale kwenye benchi, viganja vimefunguka, dereva wa pikipiki akimpigia makofi ya singeli na kinyozi akimpigia ya taratibu, na baada ya kuhangaika kidogo akaipata ile ya taratibu ndani ya ile ya haraka. Akauliza tena swali lake, safari hii kwa sauti nyingine: "Na huyo bwana wa kompyuta, angeniona mimi hapa nilipokaa?" Dereva akamwambia kama uko mbele, anakuona. Mzee akasema basi yeye atakaa mbele.

Hapo mambo yakaiva. Dada wa MoMo akafungua daftari, akasema tunaanzisha ikimina, kila wiki kila mtu anatoa kidogo. Waandaaji wakimleta Sisso Rebero, hela ni ya viingilio. Wasipomleta, hela ni ya basi la Nyabugogo hadi Jinja, kwa sababu siku hizi tamasha la kule limesogezwa Novemba na tuna muda. Kinyozi akaandikwa wa kwanza, fundi wa pili. Mteja aliyekuwa ananyolewa, ambaye hakuna aliyemjua, akaomba naye aandikwe. Mzee akataka kujua kama atatozwa sawa na vijana.

"Sawa sawa," dada akasema.

"Na kiti nitapewa?"

"Kiti hakuna, mzee. Mbele watu wanasimama."

Akatoa noti, akaikunjua, akaiweka juu ya daftari, akaanza kumhoji dereva wa pikipiki kuhusu vyoo vya Jinja.